Hesabu ya Chumvi

Mkuu wa kitivo ameleta fomu ya kurasa mbili,
niijaze kabla ya Ijumaa.
Profesa Halszka Wojnarowa, kemia isokaboni, Wroclaw,
anastaafu. Makala ngapi? Zimenukuliwa mara ngapi?
Na ile herufi h, ambayo siku hizi
humtangulia mtu mlangoni.

Mimi ni mkutubi. Kuhesabu nakuweza.
Miaka arobaini na mmoja, makala mia na sitini na tatu,
nukuu elfu mbili mia tisa na kumi na nane,
h ishirini na saba.
Wahenga hawakuacha neno juu ya h.
Walisema tu, mtu wa umri huu amekula chumvi nyingi.
Naye kila chumvi aliipima kwanza
kwenye mizani yenye mlango wa kioo,
pumzi ameibana.

Makala iliyonukuliwa kupita zote
haina hata metali ndani yake.
Kurasa nne za mwaka themanini na nne:
namna ya kukausha mirija isibaki na tone la maji.
Mara elfu moja mia moja na nne!
Watu wa Busan, wa Haifa, wa Saskatoon
wameandika "kama alivyoeleza Wojnarowa,"
kisha wakaendelea na safari zao.
Nikazifuata moja moja, ndio ugonjwa wangu.
Mia tatu na kumi na moja zinataja ukurasa wa 412.
Makala iko ukurasa wa 421.
Mmoja aliteleza, waliofuata wakatumbukia shimo lilelile,
kila mmoja akiapa, kwa tarakimu yake ndogo ya juu,
kwamba alifika na kusoma.

Nikapanda orofa ya tatu kumpelekea habari,
theluji ikiyeyuka kwenye buti zangu.
Alicheka mpaka akavua miwani.
"Ni mimi," alisema. "Themanini na saba,
nilijinukuu mwenyewe usiku, mtoto ana homa,
nikazigeuza tarakimu.
Pasipoti yangu ilikuwa kabatini kwa polisi.
Kosa langu limeiona dunia kabla yangu."

Chini ya meza ana sanduku la viatu.
Postikadi: tafadhali tutumie nakala ya makala yako.
Osaka, Leiden, Bratislava, mwandiko wa watu
ambao wengine sasa ni marehemu.
Stempu zimebanduliwa, mjukuu wake.
Nikauliza kama niziingize kwenye hesabu.
"Wapi?" akasema. Kweli, wapi.

Halafu zile za zambarau.
Majira manne ya baridi yalikwenda humo:
vanadi na salfa, chupa iliyofungwa kama siri,
makaa ya mgao, dirisha limezibwa kwa blanketi.
Fuwele zikajitokeza asubuhi moja ya Machi,
rangi ya ganda la biringanya.
Zikiguswa na hewa, dakika mbili, ni tope.
Makala hiyo imenukuliwa mara mbili.
Mara ya kwanza ni yeye mwenyewe.
Ya pili, kijana wa Concepción, nchini Chile,
Nahuel Catrileo, katika tanbihi:
"Tulirudia kazi hii. Zilitoka zambarau, kama alivyosema."
Sentensi hiyo ameikata kwa mkasi
akaibandika kando ya kizimamoto,
mahali ambapo jicho hufika mtu akiogopa.

Nimeijaza fomu. Sikutia chumvi.
163. 2,918. 27.
Palipoandikwa *maelezo mengine*, kisanduku chembamba
kisichotosha jina la mtaa,
nimeandika neno moja: zambarau.

Leo mkuu amepiga simu.
Anauliza hicho ni kipimo cha nini.